Taa Ndogo, Betri Kubwa

Leo twataka kusema juu ya ile taa ndogo nyekundu ya LED, ya kuonyesha kwamba betri inatumika. Taa hii yataka kama volti 2 tu, na betri ya gari ni volti 12. Ukiiunga hivi hivi itaungua papo hapo, na pesa za kikundi ndizo hizo zimekwenda. Basi tutie rezista ya omu 1,000 kwenye waya wake ipunguze nguvu. Utaijua kwa mistari: kahawia, nyeusi, nyekundu. Mguu mrefu wa taa uelekee chanya. Ukigeuza haiwaki, msiitupe bure! Lakini jamani, stima ya nyumbani ni volti 240, rezista hii haiiwezi. Huko mwiteni fundi.