Darasa Moja, Watoto Mbalimbali

Maneno yaliyosemwa mbele ya walimu wa tawi letu, Juja



Sote twalijua darasa la hapa kwetu. Mtoto wa mchonga mawe wa Ndarugu hukaa benchi moja na mtoto wa karani wa chuo kikuu na mtoto wa mpangaji aliyehamia juzi. Mmoja asoma hadithi nzima, mwenzake angali afuata herufi kwa kidole. Nasi twafundisha ukurasa ule ule kwa wote, kwani mtihani waja.

Wataalamu wamelipima jambo hili Kenya hii hii. Katika miaka ya 1990 shule za Busia zilipewa vitabu bure. Waliofaidika ni watoto waliokuwa mbele tangu hapo. Wengine hawakuweza kuvisoma, maana vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wao.

Mwaka 2003 karo ya shule za msingi iliondolewa, madarasa yakafurika. Mwaka 2005 shule 121 za magharibi ziliongezewa mwalimu ili darasa la kwanza ligawanywe mara mbili. Katika nusu ya shule hizo watoto waligawanywa kwa bahati nasibu. Katika nusu ya pili, kwa maksi zao. Sisi tungalidhani walio chini wataachwa nyuma. Haikuwa hivyo. Waliogawanywa kwa maksi walipata zaidi, wa juu na wa chini, kwa kuwa mwalimu aliweza kuanzia pale walipo.

Lakini yako mawili yatuhusuyo. La kwanza latuuma: walimu wa serikali waliopewa kundi la juu walionekana darasani zaidi, waliopewa kundi la chini hawakuongeza kitu. Tusilifiche. La pili, yule mwalimu wa ziada alikuwa wa mkataba, kwa mshahara mdogo sana kuliko wetu. Baadaye serikali ilipojaribu yenyewe kuajiri walimu wa mkataba, faida haikuonekana. Na mwaka 2024 tuliwaona walimu wa mkataba wa sekondari msingi wakigoma, wakidai ajira ya kudumu.

Kugawa watoto kwa usomaji wao twakubali. Anayewafundisha na aajiriwe kama mwalimu, alipwe kama mwalimu.

Muhula ujao twaomba kila shule ya tawi ipime usomaji juma la kwanza, na kundi la chini lipewe mwalimu mzoefu, si mgeni wa kazi. Walio tayari wampe katibu majina yao kabla ya kutoka hapa.