Kulwa, Doto na Shija: Majina ya Kisukuma Mbele ya Daftari la Serikali

Mama wa Kisukuma akijifungua pacha, ukoo hauumizi kichwa kutafuta majina. Anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto, wa kike kwa wa kiume. Mtoto atakayezaliwa baada yao, hata akija peke yake miaka kadhaa baadaye, ni Shija. Aliyetanguliza miguu ni Kashindye, au Kashinje kama wengine wanavyoandika. Anayeyajua majina haya, akitambulishwa kwa mtu aliyepewa jina la Shija, anajua papo hapo, bila kuuliza, kwamba alitanguliwa na kaka au dada zake waliozaliwa pacha.

Mada hii ina hoja moja. Jina la Kisukuma ni kumbukumbu ya namna mtu alivyozaliwa, na uandishi wa ovyo katika ofisi zetu unaifuta kumbukumbu hiyo.

Majina mengine hukumbuka hali ya nchi wakati wa kuzaliwa. Shinyanga, kwenye nchi ya Wasukuma, ni mahali pa ukame. Ardhi ilichoka kiasi kwamba mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliowarudisha wakulima na wafugaji kwenye desturi yao ya kutenga ngitili, yaani maeneo ya malisho yanayofungwa kwa muda, ili majani na miti viote tena. Mahali kama hapo mvua ni habari ya kutangazwa, na mbula, yaani mvua, imewapa watu majina: mvulana ni Mabula, msichana ni Kabula. Njaa, nzala, imemzaa Nyanzala. Makoye ni matatizo. Kiswahili nacho kina Mashaka, Tabu na Shida, majina yaliyotoka kwenye hali zilezile.

Wapo wanaoona majina ya namna hii yaachwe kwa kuwa yanamvutia mtoto balaa. Hawajafikiri mbali. Mzazi aliyemwita mwanawe Nyanzala hakumtakia njaa. Alitaka mwaka ule usisahaulike, na mara nyingi hakuna daftari jingine lililouandika.

Mfano wa jirani yetu wa Butiama unafahamika zaidi. Mwalimu Nyerere alizaliwa mwaka 1922 akaitwa kwanza Mugendi, maana yake mtembezi. Baadaye, kwa ushauri wa mwaguzi, wazazi wakambadilishia jina na kumwita Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Julius lilikuja kwa ubatizo mwaka 1943, akiwa kijana mkubwa. Watu wanaokwenda kutazama mpira katika uwanja wa Kambarage mjini Shinyanga wanalitamka jina la mvua kila wiki, na wengi wao hawajui.

Dhahabu iliyaleta majina mengine. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000 na Bulyanhulu, wilayani Kahama, mwaka 2001, lakini wachimbaji wadogo walikuwa wameshafika kutoka Mara, Kagera na Kigoma. Leo darasa moja la Geita linaweza kuwa na Chacha, Rwegasira, Bukuru na Doto. Bukuru ni pacha vilevile: kwa Warundi, pacha wa kwanza ni Bukuru, wa pili Butoyi, na anayewafuata ni Ciza. Kwa Waganda, pacha wa kiume ni Wasswa na Kato, wa kike Babirye na Nakato, kisha anayewafuata ni Kizza. Wayoruba wa Nigeria wana Taiwo na Kehinde, halafu Idowu. Tofauti iko kwenye ukubwa. Kwetu Kulwa ndiye mkubwa kwa sababu ametangulia. Kwa Wayoruba Taiwo anatangulia na bado ni mdogo, kwani husemwa kwamba Kehinde ndiye aliyemtuma akaitazame dunia. Ghana nako, Kofi Atta Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alibeba siku na pacha kwa pamoja: Kofi kwa kuwa alizaliwa Ijumaa, Atta kwa kuwa alizaliwa na dada yake.

Tukirudi nyumbani, kuna jambo ambalo wageni hulikosea. Doto Biteko wa Bukombe, aliyeteuliwa kuwa Naibu Waziri Mkuu mwaka 2023, anaitwa Doto kwa jina lake mwenyewe, kwa hiyo jina linasimulia kuzaliwa kwake. Marehemu William Shija, aliyekuwa mbunge wa Sengerema, alilibeba Shija kama ubini. Likishakuwa ubini, jina linasimulia kuzaliwa kwa mtu mwingine, baba au babu, na mjukuu asipoambiwa hubaki na sauti tupu.

Ofisini ndiko mambo yanakoharibikia. Sauti ya ng'w inamsumbua karani asiyejua Kisukuma. Ng'wandu, ubini wa Pius Ng'wandu aliyekuwa waziri katika serikali ya Benjamin Mkapa, unaweza kuandikwa Mwandu kwenye kadi ya kliniki, Ngwandu shuleni, na Ng'wandu kwenye kitambulisho cha taifa. Mtu mmoja amekuwa watatu. Akifika kudai mirathi au mafao, atatakiwa aape kwa kiapo cha kisheria kwamba wote hao ni yeye.

Machimboni hali ni nzito zaidi. Kwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia dhahabu, watu huitana kwa kabila, kwa wilaya waliyotoka au kwa jina la utani. Mwaka 2015 wachimbaji watano waliokolewa Nyangarata, Kahama, baada ya siku 41 chini ya ardhi. Duara likititia, swali la kwanza ni nani yumo ndani, na jina la utani halimfikishii habari mama aliyeko Kasulu.

Kwa hiyo mada hii inawaomba watendaji wa kata na wasajili wa vizazi wamsikilize mzazi hadi mwisho, wamwombe atamke jina mara ya pili, na waandike ng'w pale inapotamkwa. Wenye leseni za machimbo waandike majina kamili ya kila anayeshuka duarani, pamoja na ya wazazi wake, kila zamu. Wazazi nao wamweleze Shija kwa nini anaitwa Shija, kabla hajaanza shule.