Daftari la Kanisa la Salem Village na Amana ya Mtunza Nyaraka



Nimetakiwa niseme juu ya tarikhi na kumbukumbu za kanisa dogo, nami nimelichagua kanisa lililo mbali sana na pwani yetu, kwa kuwa daftari lake lina jambo la kumwambia kila aliyekabidhiwa ufunguo wa kabati la nyaraka, awe mzee wa kanisa, imamu wa msikiti au karani wa kijiji. Kanisa hilo lilikuwa katika kijiji cha Salem Village, jimbo la Massachusetts huko Marekani, mahali ambapo leo huitwa Danvers. Jina la Salem tumelisikia kwa ajili ya kesi za uchawi za mwaka 1692, ambamo watu 19 walinyongwa, na mzee Giles Corey, aliyekataa kuhukumiwa na mahakama ile, akawekewa mawe kifuani hata akakata roho. Kesi hizo zimekwisha kusimuliwa kwa kila namna. Mimi nitasema juu ya kitabu.

Sharti kwanza tufahamu desturi ya Wakongregesheni, ambao ndio waliolijenga kanisa lile. Hawa hawana askofu. Kila jumuia ya waumini hufunga agano lake yenyewe, humchagua mchungaji wake, humpokea amtakaye na kumtenga aliyekosa, na yote hayo huamuliwa kwa kura katika mkutano wa wanajumuia. Kwa hiyo hapana ofisi ya juu inayoweka nakala ya mashauri yao. Katika Kanisa la Uingereza, tangu mwaka 1598, kila parokia iliamriwa kumpelekea askofu, mwaka hata mwaka, nakala ya daftari la ubatizo, ndoa na maziko, hata ikiwa kanisa litaungua, askofu anayo yake. Kwa Wakongregesheni daftari ni moja, nalo likiungua limeungua.

Hata sisi jambo hili la kumbukumbu kukaa mahali pamoja tu limetugusa kwa ubavuni. Chama cha Misheni cha London, ambacho watu wake wengi walikuwa Wakongregesheni, kilifika Ujiji mwaka 1878, kisha kikapanda mpaka Urambo katika nchi ya Mtemi Mirambo, na kabla ya karne ile kwisha kikawa kimekwisha kuondoka. Barua za wamisionari wale zilikwenda London, na zipo London hata leo, katika Chuo cha SOAS, nasi tukitaka kusoma habari za Urambo za siku hizo twavuka bahari.

Turejee Salem Village. Tarehe 19 Novemba 1689 Samuel Parris alitawazwa kuwa mchungaji, na siku hiyo hiyo waumini wakatia saini agano lililoandikwa katika daftari jipya. Kijiji kilikuwa na kitabu chake mbali, cha kodi, mshahara wa mchungaji na mashauri ya ardhi; hiki cha kanisa kilikuwa cha ubatizo, cha walioingia na waliotengwa, na cha kura zilizopigwa. Parris alikiandika kwa mkono wake mwenyewe, na mwenye kuandika daftari kwa mkono wake aghalabu hujiandika na yeye ndani yake. Mwezi wa Oktoba 1691, wakati baridi ya nchi ile inaanza kuuma, aliandika kwamba baada ya ibada alilazimika kuwaomba watu hadharani wamletee kuni, maana nyumbani mwake karibu hapakuwa na la kutia motoni, lau si mtu mmoja aliyemletea siku hiyo. Msomaji wa Tanga au wa Lamu huenda akacheka, mchungaji analia kuni katika kitabu kitakatifu! Lakini mwezi ule ule kijiji kilikuwa kimechagua kamati mpya ya watu wasiompenda, nao wakakataa kutoza kodi ya kumlipa. Habari ya kuni ilikuwa habari ya vita. Paul Boyer na Stephen Nissenbaum, walipotoa kitabu chao mwaka 1974 kueleza ni nani alimshitaki nani na kwa sababu gani, walijenga hoja yao juu ya mambo madogo ya namna hii, orodha za kodi, saini za maombi, manung'uniko ya mchungaji, ambayo mtunza nyaraka mwenye haraka angeyatupa kama takataka.

Kisha ukafika mwaka wenyewe. Tarehe 27 Machi 1692 Parris aliandika shauri la Mary Sibley, muumini wa kanisa na jirani, ambaye alimwelekeza mtumwa wa nyumbani mwa Parris atengeneze mkate wa unga na mkojo wa watoto waliokuwa wakiugua, kisha apewe mbwa, ili mchawi ajulikane. Ulikuwa uganga, tena uliofanyika katika nyumba ya mchungaji mwenyewe bila ya yeye kujua. Parris alikwisha kumwita mama yule faraghani na kumkanya. Sasa akasoma karipio mbele ya wote, akisema ya kuwa kwa jambo hilo shetani ameinuliwa baina yao, naye Mary Sibley akaungama, na wanaume wa kanisa wakainua mikono kuonyesha kuwa wameridhika. Mwanamke mmoja alitenda uganga mtupu, akalia, akasamehewa siku ile ile. Tarehe 11 Septemba kanisa lilipiga kura ya kumtenga Martha Corey, mke wa Giles, aliyeshitakiwa kwa uchawi akakana kosa lolote. Siku tatu baadaye Parris na wenzake walikwenda gerezani kumwarifu, wakamkuta, kwa mujibu wa daftari, mgumu, anajitetea na kuwalaumu waliomtia hatiani. Wakamsomea hukumu ya kutengwa. Alinyongwa tarehe 22. Aliyekiri alisamehewa, na aliyesema kweli akatengwa: hili silisomi katika kitabu cha mwanahistoria yeyote, nalisoma katika sahifa za kanisa lenyewe, kwa mkono wa mtu aliyeliona kuwa ni haki.

Parris aliondoka baada ya ugomvi mrefu, na mwaka 1698 akatawazwa kijana Joseph Green. Hapa ndipo ninapotaka mnitegee masikio. Green alirithi daftari lenye aibu. Angeweza kulifunga na kuanza jipya, nani angemlaumu? Yeye aliendelea palepale alipoachia mwenziwe. Tarehe 14 Februari 1703 aliandika kwamba wengi wa wanajumuia, wala si wote, wamekubali kutangua kutengwa kwa Martha Corey, aliyekuwa kaburini mwaka wa kumi na moja. (Katika daftari mwaka umeandikwa 1702/3, kwani zamani zile kwa hesabu ya Kiingereza mwaka mpya ulianza tarehe 25 Machi, anayenakili asiusahihishe, aunakili kama ulivyo.) Na tarehe 25 Agosti 1706 aliandika maungamo ya Ann Putnam, ambaye alikuwa na miaka 12 alipowashitaki watu wengi, na sasa, mtu mzima aliyefiwa na wazazi wote wawili, alitaka kupokewa katika ushirika. Green aliyasoma mbele ya watu naye Ann amesimama. Alisema alidanganywa na shetani, akaomba msamaha hasa kwa ajili ya Rebecca Nurse, mmoja wa wale aliowashitaki, na ndugu zake wawili. Chini yake ipo saini yake.

Rebecca Nurse alikuwa muumini wa kanisa jingine, lile la mji wa Salem, ambalo lilimtenga Julai 1692. Mwaka 1712 kanisa hilo lilipiga kura kwamba hukumu yake ifutwe, isiwe tena lawama juu ya jina lake wala huzuni kwa wanawe. Lakini kufutwa huko kuliandikwa, na kwa kuwa kuliandikwa, sisi twajua kosa na twajua toba.

Nami nimewahi kufunguliwa kabati katika kanisa moja, ambalo sitalitaja, nikaona daftari ambalo kurasa mbili zimegandishwa kwa gundi. Mzee aliyenionyesha alisema palikuwa na kesi ya fedha, na wakubwa waliona vema isisomwe. Mchwa walikuwa wamekula ukingo, na zile kurasa zilizofichwa ndizo zilizoliwa zaidi, kwa utamu wa gundi.

Daftari la Salem Village limehifadhika. Katika karne ya 19 lilichapishwa, na siku hizi Maktaba ya Wakongregesheni ya Boston, iliyoanzishwa mwaka 1853, inazipiga picha nyaraka za makanisa ya zamani na kuziweka katika intaneti bila ya malipo, hata mtu wa Ujiji aweza kuusoma mkono wa Green akiwa kwake.

Basi ombi langu kwenu ni dogo. Mtakaporudi makwenu, fungueni kabati, pigeni picha kila ukurasa, wa sifa na wa aibu, na nakala moja iwekeni katika nyumba nyingine isiyo ile. Kurasa zilizogandishwa msizibandue kwa kisu, mwiteni fundi.