Msitu na Daftari Lake

Hotuba iliyosomwa Unguja katika sherehe ya kutimiza miaka kumi



Neno langu ni juu ya misitu yetu, na hesabu zake.

Kila mwanaushirika ajua kwamba chama hakina mikono wala ulimi. Lakini kikishaandikishwa kwa sheria huwa kama mtu mbele ya hakimu: chaweza kumiliki mali, kushitaki na kushitakiwa. Basi tusistaajabu kwamba mwaka 2014 sheria ya New Zealand iliupa msitu wa Te Urewera haki za namna hiyo, na ikaweka bodi ya kuusemea, wakiwamo wenyeji wake Watuhoe.

Kwetu msitu haujapewa cheo hicho. Lakini Sheria ya Misitu Namba 10 ya 1996 iliwafungulia wanakijiji mlango wa kufanya mkataba na Serikali, wausimamie msitu wao. Mwaka 2004 Jozani na Ghuba ya Chwaka, maskani ya kima punju, ikawa hifadhi ya taifa. Tena, baina ya 2010 na 2014, mradi wa HIMA, yaani Hifadhi ya Misitu ya Asili, ulikusudia wanavijiji wapate fedha kwa hewa ya ukaa inayowekwa na miti iliyosimama.

Hapo ndipo penye shauri langu. Hewa hiyo haipimwi kwa pishi. Huuzwa kwa unene wa miti, kwa ukubwa wa eneo na kwa ramani. Na mwenye kushika hesabu ndiye mwenye kushika bei. Kadhalika mzee ajuaye dawa iliyomo katika mzizi huulizwa, huandikwa, na daftari lile halioni tena.

Mkulima asiyeiona mizani hawezi kuubishia uzani. Kwa sababu hiyo ushirika ulimpa mwanachama haki ya kujua hesabu za chama chake. Haki hiyo na iingie katika mikataba ya misitu: nakala ya kila hesabu na ramani ibaki kijijini, kwa Kiswahili, elimu ya wazee isichukuliwe bila idhini, na faida yake igawanywe. Siku msitu utakaposemewa mbele ya hakimu, msemaji wake ataulizwa ushahidi. Daftari likiwa ng'ambo, atajibu nini?