Msanifu na Wenzake

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa serikali.)



Mliponitaka nizungumze juu ya kiongozi wa kazi ya usanifu na namna wanataaluma wenzake wanavyomjenga, bila shaka mlitarajia nilete sifa za mtu mmoja. Nami nitamleta, lakini nitamleta ili tuwatazame waliosimama nyuma yake.

Mtu huyo ni Ernst May, msanifu majengo Mjerumani aliyezaliwa Frankfurt mwaka 1886. Nimemchagua kwa kuwa maisha yake yaligawanyika: kwanza aliishi katikati ya wenzake, kisha akajikuta mbali nao, na upweke huo aliuanzia hapa kwetu.

Kati ya 1910 na 1912 alikuwa kijana katika ofisi ya Raymond Unwin, Uingereza, ambako vitongoji vya bustani vilikuwa vikipangwa. Huko alijifunza kwamba msanifu hapangi nyumba tu, hupanga mtaa mzima. Somo hilo alikaa nalo muda mrefu. Mwaka 1925 mji wa Frankfurt, chini ya Meya Ludwig Landmann, ulimkabidhi kazi zake za ujenzi, wakati uhaba wa nyumba baada ya Vita Kuu ulipokuwa mkali. Katika miaka mitano zikajengwa nyumba zaidi ya 10,000.

Je, ni May aliyezijenga? Vitabu husema hivyo, kwa ufupi wa maneno. Lakini jiko la nyumba hizo, ambalo leo lina sifa kuliko nyumba zenyewe, lilibuniwa mwaka 1926 na Margarete Lihotzky, mwanamke aliyeitwa kutoka Vienna. Lilikuwa chumba cha mita za mraba sita na nusu hivi. Bibi huyo alichunguza hatua na mienendo ya mpishi, akapanga kila kitu mahali ambapo mkono unakifikia. (Mwenyewe alikiri baadaye kwamba wakati huo hakuwa na mazoea ya kupika!) Majiko kama hayo yakawekwa katika nyumba zipatazo 10,000. Ferdinand Kramer alibuni samani. Mart Stam alitoka Uholanzi akaja kusanifu nyumba. Kazi ya May ilikuwa kuwakusanya watu hao, kuwatetea mbele ya wakuu wa mji, na kuitangaza kazi yao katika jarida walilolianzisha mwaka 1926.

Wenzake hawakuwa mjini humo tu. Mwaka 1928 alikuwa miongoni mwa waasisi wa mkutano wa kimataifa wa wasanifu, huko La Sarraz, Uswisi. Mwaka uliofuata mkutano wa pili ulifanyika Frankfurt, na mada ikawa makao ya mtu mwenye kipato cha chini kabisa. Mada hiyo ilimgusa mwenyeji penye kidonda, maana kodi za nyumba zake mpya ziliwashinda wafanyakazi wengi.

Mwaka 1930 alikwenda Urusi ya Kisovieti pamoja na kundi la wasaidizi wake kupanga miji ya viwanda. Kisha Wanazi wakashika dola mwaka 1933, na njia ya kurudi nyumbani ikafungwa. Mwaka 1934 akaja Tanganyika, akanunua shamba. Fikirini, ndugu zangu: mtu aliyekuwa na mji mzima mikononi mwake sasa anauliza habari za mvua. Mwaka 1937 alifungua ofisi Nairobi; vita vilipokuja Waingereza wakamweka kizuizini kwa kuwa ni Mjerumani.

Ustadi wake haukufa. Jengo alilolisanifu Moshi kwa ajili ya chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, KNCU, linathibitisha hilo. Lakini mpango wake wa kupanua Kampala, wa miaka ya 1940, ulitenga makazi kwa kufuata rangi za watu, kama dola ya kikoloni ilivyopenda. Sidai kwamba upweke ndio uliompa mawazo hayo, aliyashika mwenyewe. Nadai tu kwamba waliopangiwa kukaa Naguru hawakuwa na kiti mezani pake, wala hapakuwa tena na duara la wenzake wa kumwuliza, kama Frankfurt mwaka 1929, nyumba hizi ni za nani.

Nilimfahamu mchoraji mmoja kijana, hodari kweli kweli, aliyehamishiwa wilaya ya mbali. Baada ya miaka mitatu michoro yake ilikuwa ile ile. Hakuna aliyewahi kumrudishia hata mmoja ukiwa na alama ya kalamu nyekundu. Walimu mlio peke yenu katika somo lenu shuleni mnaelewa ninachosema.

Kwa hiyo nina ombi kwa wakuu wa idara waliomo humu. Fedha zinapopungua, nauli ya mtumishi kwenda kwenye mkutano wa taaluma yake ndiyo hukatwa kwanza, na safari ya mkuu hukatwa mwisho. Mwaka ujao jaribuni kinyume chake, kisha linganisheni kazi zitakazoletwa mezani penu.