Kigong'ota wa Mwambao

Mtu apitaye asubuhi katika msitu wa Arabuko-Sokoke, baina ya Kilifi na Malindi, aghalabu humsikia kigong'ota kabla ya kumwona. Na akiisha kumwona juu ya mrihi, hudhani kwamba kazi ya kumjua imekwisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza, maana humo wamo wawili wenye migongo ya kijani, wanaoshabihiana hata wajuzi huchelewa kuwapambanua.

Macho hukimbilia wekundu wa kichwani. Yasikimbilie huko, kwa kuwa kisogo chekundu wanacho wote wawili; na yashuke kifuani. Yule ambaye wataalamu Fischer na Reichenow walimpa jina la Mombasa mwaka 1884, *Campethera mombassica*, ana michirizi myeusi iliyoteremka juu ya weupe wa kifua na tumbo mithili ya wino uliochuruzika. Ilhali mwenziwe, *Campethera cailliautii*, ana madoadoa, wala hana ule mstari wa sharubu upitao shavuni mwa wa Mombasa. Na huyu wa Mombasa hapatikani duniani kote ila katika ukanda huu wetu, tangu kusini ya Somalia hadi kaskazini-mashariki ya Tanzania, jambo ambalo kwangu mimi ni sharafu kubwa, na lastahili kusomeshwa watoto wetu.

Maumbile yake ni ajabu. Vidole viwili hutazama mbele na viwili nyuma, mkia mgumu humtegemeza kwenye shina, na ulimi wake, ambao mizizi yake huzunguka nyuma ya fuvu la kichwa, hunyoshwa mbali ndani ya nyufa kuwatoa chungu na wadudu wengineo. Tundu la kutagia hulichimba mwenyewe, na aghalabu huchagua mti uliokufa au tawi lililooza, ambamo mdomo hupenya bila taabu nyingi. Na makinda yakiisha kuruka, nyumba ile hurithiwa na viumbe wasiojaliwa uwezo wa kuchimba, kama bundi wadogo na popo.

Kwa hiyo namsihi kila aingiaye msituni kutafuta kuni, aokote matawi yaliyoanguka, wala asiutie shoka mti mkavu uliosimama, hasa akiona juu yake tundu la mviringo lenye kingo safi, na vibanzi vipya vimetapakaa chini.