Maji ya Kahawa Yasiingie Mtoni

Leo tutazungumza juu ya maji yaliyotumika kumenyea kahawa.

Katika milima ya Usambara wako wakulima wa kahawa ya arabika. Kahawa iliyoiva humenywa kwa mashine, kisha huachwa ichachuke ili utelezi ulioshika buni utoke. Halafu huoshwa. Kazi hii hutaka maji mengi.

Je, maji hayo yakimwagwa mtoni huleta dhara gani? Wengine husema, "Hayana sumu, ni utamu wa tunda tu." Lakini utamu huo ndio unaodhuru. Vijidudu visivyoonekana kwa macho huula, na vinapoula hutumia hewa iliyomo majini. Samaki hukosa pumzi, wakafa. Maji huchacha na kunuka. Tena mto haukai kwetu. Mto Soni huteremka mpaka Mombo, na huko watu humwagilia mpunga. Uchafu wa jirani wa juu ni taabu ya jirani wa chini.

Dawa ipo. Vijidudu vile vile vyaweza kututumikia, ila mahali petu, si mtoni. Sikilizeni hatua zake.

Kwanza, tenga maganda uyafanye mboji.

Pili, peleka maji shimoni yatulie, takataka zizame. Tia chokaa kupunguza ukali, maana maji makali huua mimea.

Tatu, yapitishe polepole katika bwawa la kokoto lililopandwa matete. Chini yake pasivuje. Vijidudu hukaa juu ya kokoto na mizizi, vikala ule utamu kidogo kidogo.

Nne, maji yatokayo mwagilia miti. Usiyanywe.

Mashimo hayo yasikaribie mto. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni.

Jambo hili limekwisha jaribiwa. Huko Nairobi, katika miaka ya 1990, bwawa la kokoto na mimea lilijengwa ili kusafisha maji machafu ya hoteli ya chakula iitwayo Carnivore.

Sasa shikeni kalamu, mjibu maswali haya:

1. Kwa nini samaki hufa?
2. Chokaa ina kazi gani?
3. Maji ya kijijini kwenu huenda kwa nani?

Kwaherini mpaka somo lijalo.